Kapu Lililofunikwa

Pungwani, Msambweni
Ijumaa, 12 Januari 2024

Kwa wifi yangu Subira,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima kwa uwezo wa Mola, ila goti langu la kushoto, nalo umeshalizoea kulisikia.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Juma lililopita nilimpigia Mbeyu, ambaye nyumba yake naiona kutoka uani kwangu, nikamnong'oneza neno moja kuhusu mzee wetu wa mtaa, Bwana Alamin. Alasiri haijaingia, Bwana Alamin yuko mlangoni kwangu anauliza kama nina jambo naye. Sasa ama simu ina masikio, ama Mbeyu ana mdomo. Mpaka nijue ni lipi, nitakuandikia, na Chome atakuletea akirudi Mkongani kutoka kuuza machungwa Kona ya Musa. Bahasha nimeibandika kwa uji wa muhogo. Ukiikuta imefunguka, niambie.

Wifi, huku kumeingia watu. Wamekuja na gari jeupe, wamevaa viatu vya mpira hadi magotini, na kila mmoja ana simu kubwa kama sahani ya halua. Wanazunguka kwenye mikoko na lile tope lote mpaka mkono wa bahari unaotazama kisiwa cha Funzi. Wanapima, wanapiga picha, kisha wanabisha hodi na kuuliza maswali.

Kwangu alikuja msichana wa bara, Eunice. Ana adabu, sitamsingizia, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampa maji. Akaniuliza, "Mama, hapa kwa matope nyinyi mnapatanga nini?"

Wewe uliishi nasi miaka michache tu kabla ya kaka yangu Swabir kufariki, ukarudi kwenu na Luqman bado anabebwa, kwa hiyo pengine umesahau mwendo wetu. Mwanamke akitoka topeni hufunika kapu lake kwa majani ya mkoko. Ukipishana naye njiani unamwuliza habari za watoto, humuulizi habari za kapu. Marehemu mama alikuwa akisema kuwa riziki ikitajwa njiani, siku ya pili huikuti pahali pake, na macho ya watu unayajua. Sasa msichana nisiyemjua kwao anataka nimfunulie kapu ndani ya simu. Ya nini? Kesho aje mwingine na risiti za kodi, au aje mwenye hati anayesema tope ni lake?

Nikamwambia, "Tope tu, mwanangu. Hatupati kitu." Akauliza tena kwa njia nyingine, nikamjibu vilevile. Jioni tulikutana kisimani, Mbeyu na Hafsa na wengine, na kila mmoja alikuwa amejibu kama mimi bila kuagana. Tulicheka mpaka Hafsa akamwaga maji.

Lakini sikucheka moyoni, na sababu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Miongoni mwa wale wenye viatu vya mpira nilimwona kijana mrefu, kichwa kimeinama kidogo upande kama cha Swabir alipokuwa anafikiri. Alipita mbele ya mlango wangu. Akanitazama, nami nikamtazama. Hakusimama wala hakunipa shikamoo.

Wifi, mwanao Luqman yuko wapi siku hizi?

Ni mimi wifi yako,
Mwanapili

*

Mkongani
Jumapili, 21 Januari 2024

Wifi yangu mkubwa Mwanapili, shikamoo.

Bahasha ilifika haijafunguliwa, ila uji wako ulivutia sisimizi na Chome amelalamika njia nzima. Mihogo ni mizuri mwaka huu, nguruwe-mwitu wakituachia.

Umeniuliza Luqman yuko wapi. Yuko Kwale mjini, ofisini, ndivyo alivyoniambia, na mimi sijawahi kumkuta na uongo. Vijana warefu wako wengi. Na kama ni yeye kweli, amepita mlango wa shangazi yake bila salamu, basi mimi ndiye wa kumwuliza, si watu wa kisimani.

Lakini na mimi niruhusu swali, maana barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara inaniwasha pahali palepale. Kama ni tope tu, mbona mwenzangu umeingiwa na hofu hivi? Miaka yote umeniambia kuwa huko mikokoni huenda kutafuta kitoweo, kaa mmoja wawili wa kutia nazi, na kwamba riziki yako ni kufua mashuka ya hoteli Diani. Atakayekuja kuchukua tope amekuchukulia nini wewe?

Tena nikwambie, maana ni bora ulisikie kwangu. Rai, binti wa jirani yangu, alifanya kazi ya kufua Diani mwaka mzima. Nilimwambia amtafute wifi yangu, akaulizia hoteli baada ya hoteli. Hakuna aliyemjua Mwanapili wa Msambweni. Nilisema moyoni, pengine anatumia jina jingine. Mwanamke hutumia jina jingine kwa sababu, wifi, na sababu hizo sikupenda kuziwaza.

Nisamehe kama nimezidi. Watu wa nyumbani wanakusalimu.

Wako,
Subira

*

Pungwani
Ijumaa, 9 Februari 2024

Kwa Subira,

Waaleikumu salaam. Sikukujibu mapema kwa kuwa kila nilipoanza niliandika maneno ambayo yangenifungulia mlango usio mzuri kesho kwa Mola. Leo nimeswali kwanza.

Habari za Diani nimezisoma. Mimi naijua nguo ninayovaa na maji ninayoogea.

Sikiliza yaliyo makubwa. Jumatatu wamekuja na kupigilia vigingi vya saruji vilivyopakwa rangi nyekundu, kuanzia mkoko wa kwanza hadi ukingo wa maji. Kwenye njia yetu ya kushukia wameweka mlinzi, anaitwa Elijah, ana kiti cha plastiki na kirungu. Nilipofika asubuhi maji yakiwa yamepwa, aliniambia kwa upole kuwa amri ni mtu asipite mpaka baraza likae. Nilimwuliza amri ya nani. Akasema hata yeye hajui, yeye analipwa kukaa.

Bwana Alamin amepita nyumba kwa nyumba. Anasema kuna kampuni inataka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba wa baharini, mikoko ikatwe na tope lizungushiwe ukuta. Uchunguzi umefanywa, anasema, na umeonekana kuwa mahali hapa hapana faida kwa mtu yeyote, kwa hiyo hapana wa kufidiwa wala wa kupinga. Alilisema hilo la faida huku ananitazama miguu, ambayo unajua haijawahi kutakata tope kwenye kucha. Shati lake lilikuwa jipya. Sisemi kitu, nasema lilikuwa jipya.

Ng'ambo, Funzi, wavuvi wameanza kunung'unika, maana samaki wao wakiwa wadogo hukulia kwenye mizizi yetu. Hafsa anasema yale maji makubwa ya mwaka juzi yalivunja migomba ya watu wasio na mikoko mbele yao, sisi yakatufikia yamechoka. Kila mtu sasa ana la kusema, lakini kisimani tu.

Na nimemjua yule kijana. Nilimsikia mwenzake akimwita kwa jina, karibu na vigingi. Luqman. Wifi, si Kwale mjini. Yuko hapa, na amekuwa hapa siku zote hizo, anaona nyumba ya dada wa baba yake na kuipita. Mtu hapiti mlango wa jamaa ila ana alichokificha chini ya nguo. Mwanao ametuuza. Ametujua ni akina nani na tumelala wapi, akatuuza kwa kiatu cha mpira.

Bamvua, siku za maji kupwa mbali kabisa, imekuja na kuondoka sikukanyaga tope. Nimeanza kula akiba.

Mwanapili

*

Mkongani
Jumapili, 18 Februari 2024

Wifi Mwanapili, shikamoo, hata kama hutaki kuiitika.

Luqman alikuja jana. Sikumpikia. Nilimkalisha kwenye kigoda alichokuwa akikalia akiwa mdogo nikamsomea barua yako yote, na pahali pa kiatu cha mpira nilipasoma tena.

Kisha akasema ni kweli alinificha. Alipewa kazi na ofisi inayofanya hiyo tathmini, na sharti lao ni kuwa mwenye jamaa mahali asimhoji jamaa yake wala asiingie kwake, watu wasije wakasema majibu yamepikwa. Ndiyo maana kwako alikwenda Eunice. Alikupita mlangoni, anasema, na miguu yake ilikuwa mizito kuliko siku tuliyomzika babu yake. Alitumai kazi ikiisha aje akuangukie.

Lakini lililomvunja si hilo. Anasema aliiomba kazi hiyo mwenyewe, maana alijua kampuni inapatolea macho, akaona mkiulizwa vizuri na majibu yakiandikwa kwa haki, hakuna ambaye angethubutu kupagusa. Akaniambia, "Mama, hakuna hata mmoja aliyesema anapata kitu. Nyumba zote. Nilirudi kusikiliza sauti zao zilizorekodiwa, nikijua si kweli, na sikuwa na la kuandika ila walilosema. Na sauti ya kwanza ilikuwa ya shangazi."

Basi sijui ni nani amemwuza nani.

Kisha aliniuliza jambo, na sasa nakuuliza wewe. Karo yake tangu darasa la kwanza mpaka chuo ilitoka kwako. Ilikuja kila muhula, mkononi mwa mtu huyu au yule, noti zimekunjwa ndani ya kitambaa. Nilipokuuliza, ulisema mashuka ya Diani. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikizipokea pesa zile na kuzisomea Bismillahi mara saba kabla ya kuzipeleka shule, kwa kuchelea zilikotoka. Nyingine nilizitoa sadaka ili zilizobaki zisafike. Nimekudhania mabaya muda mrefu, wifi, huku mwanangu akisoma kwayo.

Zilitoka wapi?

Subira

(Ndani ya bahasha hiyo hiyo, kwenye karatasi nyingine)

Shangazi, shikamoo.

Sina haki ya kuandika mengi. Baraza la kusikiliza maoni ya wakazi litakaa Jumanne tarehe 27 baada ya adhuhuri, uwanja wa shule ya msingi. Sheria inasema mkazi akisimama na kusema kwa kinywa chake matumizi yake ya mahali, lazima yaingie na tathmini irudiwe. Ya kusemewa hayakubaliwi. Mimi siwezi kusema kwa niaba yenu na siwezi kubadilisha nilichoandika. Nimeomba niwe mwenye kuuliza maswali siku hiyo, wamekubali, kwa kuwa baada ya hapo kazi yangu na wao imekwisha.

Nakuomba usimame. Kama hutaki kuniona, nitazame kama mtu wa ofisi tu.

Mwanao,
Luqman Swabir

*

Pungwani
Ijumaa, 23 Februari 2024

Wifi Subira,

Waaleikumu salaam. Swali lako limefika. Sitalijibu kwenye karatasi.

Kuhusu baraza, mwambie mwanao asinitegemee. Unajua wewe watakaokaa pale? Mbeyu atakaa pale. Tangu tuko wasichana Mbeyu ananifuata nyuma topeni ajue mashimo yangu yako wapi, nami nazunguka kwenye mizizi kumpoteza. Leo nisimame niseme mbele yake, na Bwana Alamin anasikiliza, na watu wa kampuni wanaandika? Na nani ananihakikishia kuwa si mtego wa pili, watuite tuseme wenyewe kila kitu kilipo, kisha wavijue vya kuchukua? Barua ya Luqman nimeigeuza huku na huku. Ni maneno mazuri. Ya Eunice pia yalikuwa mazuri.

Leo msikitini upande wa wanawake tulimsikia ustadhi akihimiza watu kujitayarisha na Ramadhani. Akataja mtu anayepewa na Mola wake kisha akaulizwa akasema sikupewa. Akasema huyo si kwamba ameficha, huyo amemkanusha Aliyempa. Nilidhani Bwana Alamin amemtuma, kisha nikakumbuka ustadhi huyu na Bwana Alamin hawasemezani tangu ugomvi wa pampu ya kisima.

Sijalala vizuri. Ndilo jibu nililonalo.

Mwanapili

*

Pungwani
Ijumaa, 1 Machi 2024

Kwa wifi yangu Subira,

Assalaam aleikum warahmatullah. Luqman atakuwa ameshakusimulia, lakini vijana husimulia mifupa tu, nyama wanaiacha.

Asubuhi ya Jumanne nilishuka topeni. Nilipita nyuma kwa Hafsa, nikauzunguka mkondo, maji ya kifuani, na fimbo yangu ya kulabu kichwani. Elijah aliniona. Akageuza kiti chake akatazama barabarani. Sijui ilikuwa huruma au alikuwa anahesabu nimeingia na nani. Nikachukua Mungu alichonipa, nikawafunga kaa magando kwa kamba ya ukindu, nikafunika kapu kwa majani, nikaenda barazani hivyo hivyo na leso zimelowa. Sikuwa nimeazimia kusema. Niliazimia kusikia tu.

Kulikuwa na meza yenye kitambaa. Watu wa kampuni upande mmoja, mama mmoja wa serikali katikati, na mwanao mwishoni na karatasi zake. Bwana Alamin alifungua kwa dua ndefu. Ikasomwa ile tathmini, na mahali petu pakaitwa eneo lisilotumika. Wavuvi wa Funzi walinung'unika, wakaambiwa wao ni wa ng'ambo. Mwanao akauliza kama kuna mkazi anayepata kitu pale. Akauliza tena. Wanawake wote wametazama vidole vya miguu, kila mmoja anamchelea mwenzake, na tope limekauka kwenye vifundo vyetu sote.

Nikakumbuka nilivyomjibu Eunice. Maji ya udhu yalikuwa hayajanikauka mikononi siku ile, wifi. Natoka kuswali, nikamwambia mtoto wa watu kuwa Mola wangu hanipi kitu.

Nilisimama. Goti likalia wakasikia wote. Mwanao akaniuliza kwa sauti ya ofisini, lakini hakuzitazama karatasi zake, "Mama, wewe unapata nini hapa?"

Nikamwambia, "Nimekupata wewe."

Nikaenda mpaka mezani, nikatoa majani, nikaweka kapu juu ya kile kitambaa. Nikasema karo ya kijana huyu, kuanzia kalamu ya kwanza hadi joho la chuo, imetoka humu. Kaa hawa huwapeleka kwa mchuuzi Boga pale Kona ya Musa, naye huziuzia hoteli za Diani, na mimi sijawahi kufua shuka la hoteli hata moja. Nikasema nyumba yangu ni humu, kuni za mikoko iliyokauka ni humu, na dawa ya goti nikiipata ni humu. Kaa mmoja alikuwa ameifungua kamba. Akatembea upande upande juu ya meza kuelekea kwa bwana wa kampuni, bwana akarudisha kiti nyuma mpaka kikamwangusha, na hapo ndipo watu walipopata pumzi.

Mbeyu akasema kwa sauti toka nyuma, "Kumbe ndiwe unayetumalizia wale wakubwa. Na kila siku nikikuuliza habari, unaniambia goti."

Nikamjibu, "Na wewe chaza unazouza usiku kwa watu wa boti, unaziokota barabarani?"

Alinitazama, wifi, nikadhani tumekosana mpaka kufa. Akaondoka. Alirudi na beseni la chaza kichwani, halikufunikwa. Hafsa akaleta asali, maana mizinga yake iko ndani kabisa ya mikoko na mumewe mwenyewe hakujua. Meza ikajaa mpaka yule mama wa serikali akasogeza karatasi zake kwenye mapaja. Akasema tathmini itarudiwa na vigingi havitaongezwa mpaka ikamilike. Hakusema vitang'olewa. Nimelisikia hilo, usidhani sikulisikia. Na Bwana Alamin alikuwa wa kwanza kunipa mkono, jambo ambalo bado linanitia wasiwasi.

Luqman alikuja nyumbani magharibi. Alivua viatu vyake vya mpira mlangoni akakaa chini. Nilimpa chai na muhogo. Aliniuliza kwa nini niliwaficha, nikamwambia yeye na wewe mama yake mngejua, mngetaja, na mimi niliogopa siku moja nishuke nikute mashimo matupu, muhula umeanza. Hiyo ndiyo sababu, wifi. Ulivyonidhania nimekusamehe. Zile ulizozitoa sadaka Mungu azipokee, zilikuwa za kaa halali.

Sitakudanganya kuwa nina raha. Jana nilikuta nyayo ngeni kwenye mkondo wangu, na si za Mbeyu, za Mbeyu nazijua. Sasa kila mtu anajua kila kitu kilipo. Kampuni nayo inajua. Nimefanya lililonipasa, lakini nashuka nikitazama nyuma.

Chome anakuletea barua hii pamoja na kapu. Amelalamika kuwa abiria wote wa njiani watamwuliza amebeba nini na limetoka wapi. Nimemwambia wakiuliza awajibu. Sikuweka majani juu.

Ni mimi wifi yako,
Mwanapili